Distopia si hadithi ya dikteta tu: kwa wanaoanza kuisoma na kuiandikia TFC

Wadogo zetu mnaochagua mada ya TFC (travail de fin de cycle, kazi ya mwisho wa masomo) mwaka huu, iwe idara ya Kifaransa, ya Kiingereza au ya falsafa: riwaya za distopia, yaani za jamii ya kubuni ambayo mtu asingependa kuishi ndani yake, huvuta kwa sababu zinaonekana rahisi. Kuna serikali mbaya, kuna mtu mmoja anayezinduka, anapambana, anavunjwa. Ndiyo maana kazi nyingi zinazoletwa Lubumbashi hapa, na Bukavu na Goma vilevile, zinafanana: kurasa kumi za kueleza utopia ni nini, kurasa kumi na tano za muhtasari, kisha hitimisho kwamba mwandishi analaani udikteta. Juri inajua tayari kwamba mwandishi analaani udikteta. Inachotaka kuona ni jinsi watu wa katika kitabu wanavyofanywa watii, na kwa nini wengi wao wameridhika.

Kwa hiyo shikeni swali moja tangu ukurasa wa kwanza: mtawaliwa anapewa nini ili atii? Utii katika riwaya hizi hununuliwa, hufundishwa au hulazimishwa, na kila kitabu kina mchanganyiko wake. Ukiona nguvu tu, umesoma theluthi moja ya kitabu.

Historia ya jina isiwachukue zaidi ya aya moja. Thomas More alitoa kitabu chake cha Utopia mwaka 1516. Mwanafalsafa John Stuart Mill alitumia neno la kinyume chake bungeni Uingereza mwaka 1868, alipokuwa akisema juu ya siasa za ardhi za Ireland. Inatosha. Nafasi iliyobaki mtaihitaji.

Anza na kitabu kifupi

Kosa la kwanza ni kuanza na 1984 ya George Orwell kwa sababu kila mtu anakitaja. Anza na hadithi ya Ursula Le Guin ya mwaka 1973 kuhusu mji wa Omelas. Ni kurasa chache, unaisoma mara tatu kwa alasiri moja, na ina kila kitu unachohitaji kujizoeza. Mji una furaha ya kweli. Chini ya jengo moja amefungwa mtoto, katika uchafu na njaa, na furaha ya wote inategemea yeye abaki pale. Hakuna askari wala mfalme wala mahakama. Watoto wa mji huelezwa jambo hilo wakiwa na umri wa miaka 8 hadi 12. Hulia, hukasirika, kisha wengi huzoea. Wachache huondoka mjini, mmoja mmoja, bila kurudi.

Chukua karatasi moja ujibu maswali matatu: nani anajua, nani ananufaika, na anayejua anajituliza kwa hoja gani. Swali la tatu ndilo lenye mafuta. Wakazi wa Omelas hujiambia kwamba hata mtoto akifunguliwa leo, ameharibika mno kiasi cha kutoweza kuonja furaha yoyote. Angalia hoja hiyo ilivyotengenezwa: uharibifu uliosababishwa na mateso unageuzwa kuwa sababu ya kuendeleza mateso. Ukiweza kuonyesha mzunguko huo kwa sentensi zako mwenyewe, umekwisha kuingia katika falsafa bila kumtaja mwanafalsafa hata mmoja. Baadaye utaongeza kwamba Le Guin mwenyewe alisema wazo la mtoto mmoja anayelipia furaha ya wote alilikuta kwa William James, na kwamba linapiga moja kwa moja ile hesabu ya wafuasi wa mwanafalsafa Jeremy Bentham: furaha kubwa kwa watu wengi iwezekanavyo.

Zoezi hilo lina faida nyingine: linakuondolea mapema dhana kwamba distopia lazima iwe na mtawala katili. Omelas haina hata mmoja.

Fishi sita

Usomaji wa kwanza wa riwaya yenyewe ufanye bila biki mkononi. Usomaji wa pili ndio wa fishi, yaani karatasi ndogo za kunakili dondoo. Gawa fishi zako katika mafungu sita, na uyape majina mafupi ili usipotee: jicho (nani anaona nani), ulimi (maneno gani yanaruhusiwa, nani anasema), tumbo (chakula, mgawo, starehe, dawa), kitanda (ndoa, tendo la ndoa, uzazi, malezi), kumbukumbu (historia, nyaraka, vitabu), na mlango (asiyetii hupelekwa wapi, na anayetaka kutoka hupitia wapi).

Kwa kila fungu, dondoo nne hadi kumi na mbili zenye namba ya ukurasa. Chini ya nne, ama fungu hilo halina kazi katika kitabu hicho, ama hukulisoma vizuri. Yote mawili ni ya kuandika. Zaidi ya kumi na mbili, unanakili kitabu. Nyuma ya kila fishi andika mistari mitatu: kinachofanyika, anayenufaika, anachopata mtawaliwa. Mstari wa tatu ndio wanaoanza huuacha wazi, na bila huo hamtaelewa lolote.

Chukulia riwaya ya Yevgeny Zamyatin iliyoandikwa mwaka 1920 na 1921, ambayo kwa Kifaransa mtaikuta kwa jina la Nous autres au Nous kutegemea tafsiri. Ilitoka kwanza kwa Kiingereza huko New York mwaka 1924. Wasomaji wa Urusi waliipata rasmi nchini mwao mwaka 1988. Watu wana namba badala ya majina. Nyumba ni za kioo. Ratiba ya taifa inaamuru kila mtu aamke, afanye kazi na alale saa ileile, na kila tonge litafunwe mara 50. Wana saa mbili tu za binafsi kwa siku, saa 10 hadi saa 11 jioni na saa 3 hadi saa 4 usiku. Mapazia yanashushwa kwa mwenye tiketi ya waridi, yaani ruhusa ya kulala na namba fulani. Hapo umeshajaza jicho, tumbo na kitanda. Lakini msimulizi, D-503, mhandisi wa chombo cha anga, anaandika daftari lake ili kuisifu dola hiyo! Anachopata ni kupumzika: hana haja ya kuchagua, kwa hiyo hana haja ya kujuta. Anapoanza kuota ndoto usiku, anaona ni ugonjwa. Na mwisho dola inagundua tiba: upasuaji wa kuondoa uwezo wa kuwaza yasiyokuwepo.

Mwanafunzi anayeandika kwamba D-503 anateseka tangu mwanzo hajasoma kitabu. Mateso yanaanza pale anapoonja uhuru. Zamyatin anauliza swali gumu kuliko lile la udikteta: je, furaha na uhuru vinaweza kukaa nyumba moja?

Mpe mtawala hoja yake yote

Karibu kila riwaya kubwa ya aina hii ina sura ambapo mtawala anajieleza. Mustapha Mond katika Le Meilleur des mondes ya Aldous Huxley (1932), sura ya 16 na 17. O'Brien katika sehemu ya tatu ya 1984. Kapteni Beatty katika Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury (1953), anapomtembelea Montag, mzimamoto ambaye kazi yake ni kuchoma vitabu, kitandani. Wanaoanza huziruka sura hizi wakidhani ni maneno matupu ya mhalifu. Sisi tunawaambia: sura hizo zisomwe mara nne. Falsafa ya kitabu imelala humo, na mwandishi mzuri huwa amempa mtawala akili kuliko msomaji.

Njia ya kufanya kazi ni hii. Andika hoja ya mtawala kwa sentensi tano, kwa nguvu zote, kana kwamba wewe ndiye wakili wake. Msomee mwenzako asiyejua kitabu. Asipoyumba hata kidogo, umeiandika vibaya, rudia. Kisha tafuta ufa wa hoja hiyo ndani ya kitabu chenyewe, si katika hisia zako.

Mfano. Mond anataka kuthibitisha kwamba jamii haiwezi kuwa ya watu wa tabaka la juu peke yao. Anasimulia jaribio la Cyprus: Alpha 22,000 waliachiwa kisiwa kizima, wakapewa mitambo ya kilimo na ya viwanda, wajitawale. Kabla ya miaka sita kwisha walikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe; walipokufa 19,000, waliobaki waliwaomba wadhibiti wa dunia warudi kuwatawala. Inaonekana ni ushahidi wa takwimu. Sasa uliza: Alpha hao walitoka wapi? Walitoka kwenye chupa za serikali ileile, wakazoezwa tangu uchanga kwamba kazi ya chini ni ya watu wengine. Jaribio halikupima binadamu. Lilipima bidhaa ya kiwanda cha Mond. Hapo umemjibu kwa data yake mwenyewe, na juri itakaa sawa kwenye viti.

Huyo Huxley anahitaji uangalifu zaidi kuliko Orwell, kwa sababu kwake dola haitawali kwa kipigo. Soma upya ile sura ya watoto wa Delta, wenye umri wa miezi minane, wanaotambaa kuelekea vitabu na maua kisha wanashtuliwa kwa king'ora na umeme. Wengi hunakili tukio wakaishia hapo. Endelea mistari inayofuata: mkurugenzi anaeleza kwamba zamani waliwafundisha watu wa chini kupenda maua ili wasafiri kwenda mashambani na kutumia vyombo vya usafiri. Ikaonekana kupenda mandhari ni bure, hakuendeshi viwanda. Basi wakafundishwa kuchukia maua lakini kupenda michezo ya mashambani inayohitaji vifaa vingi, ili wasafiri na wanunue pia. Udhibiti wa Huxley una mhasibu ndani yake. Na John, kijana aliyekulia nje ya dola hiyo, anapotupa dirishani hospitalini dawa ya furaha iitwayo soma, polisi wanakuja na mvuke wa soma na sauti laini iliyorekodiwa ya kuwasihi watu wapendane. Ghasia inaisha kwa kukumbatiana. Ukiita jambo hilo ugaidi wa dola utachekwa. Ukiliita amani, utaulizwa maswali mpaka jua lizame.

Kwa Huxley, wanafalsafa wanaofaa ni Mill, ambaye mwaka 1859 aliandika juu ya uhuru na juu ya nguvu ya jamii kumbana mtu bila sheria yoyote; Dostoevsky, katika ule mlango wa Ndugu Karamazov juu ya Mkuu wa Baraza la Imani, ambapo mzee anamwambia Kristo kwamba watu wanataka mkate na mamlaka kuliko uhuru; na Robert Nozick, aliyependekeza mwaka 1974 mfano wa mashine ya kukupa furaha yoyote uitakayo na kuuliza kama ungekubali kuunganishwa nayo. Plato pia, Jamhuri kitabu cha tatu, ule uongo wa metali: wengine wamechanganyiwa dhahabu, wengine fedha, wengine chuma na shaba. Lakini taja tofauti: kwa Plato mtoto wa chuma anaweza kuonekana na dhahabu akapandishwa, kwa Huxley kiinitete cha tabaka la chini kimenyimwa oksijeni kwenye chupa, hakuna wa kupandishwa.

1984: kinachokosewa mara nyingi

Kosa la kwanza: kusema wote wanatazamwa. Kitabu kinasema Chama cha Ndani, yaani tabaka la viongozi, hakifiki asilimia 2 ya watu, na wale raia wa kawaida, prole, ni kama asilimia 85. Wengi wa hao hawana telekrani, ile skrini inayomtazama mtu, nyumbani. Chama kinawaacha na bia, bahati nasibu, nyimbo zilizotungwa na mashine na picha chafu zinazotengenezwa na wizara. Kwa hiyo ndani ya Oceania, dola ya kitabu hicho, kuna udhibiti wa aina mbili, wa jicho kwa wanachama na wa burudani kwa wengi. Wale mnaopanga kulinganisha Orwell na Huxley, msiweke Orwell upande wa hofu na Huxley upande wa starehe kana kwamba ni timu mbili za mpira. Starehe imo kwa Orwell, kwa watu asilimia 85.

Kosa la pili: kudhani lugha ya Chama tayari inazungumzwa. Katika mwaka wa hadithi lugha hiyo bado ni mradi; inatarajiwa kuchukua nafasi kamili karibu mwaka 2050. Maelezo yake yako kwenye kiambatisho, mwisho wa kitabu, na kiambatisho hicho kimeandikwa kwa wakati uliopita, kama kwamba mwandishi wake anaishi baada ya Chama kuanguka. Ni hoja nzuri, lakini angalia tafsiri uliyonayo. Ile ya Amélie Audiberti ya mwaka 1950 inasimulia kwa wakati uliopita na kutumia novlangue. Ile ya Josée Kamoun ya mwaka 2018 inasimulia kwa wakati wa sasa na kutumia néoparler. Ukitoa hoja ya nyakati za vitenzi huku umechanganya matoleo mawili, hoja inavunjika mezani. Chagua toleo moja, andika mwaka na mfasiri mwanzoni, usilibadilishe.

Kosa la tatu ni kubwa zaidi: kudhani Winston, mhusika mkuu, anateswa ili aungame. Anaungama mapema sana, na O'Brien hajali. Anachotaka ni Winston aone vidole vitano pale palipo na vinne, aone kweli, si aseme tu. Hapa suala limehama kutoka siasa kwenda elimu ya maarifa: kama ukweli upo tu katika vichwa vya watu, na vichwa vyote viko mikononi mwa Chama, basi ukweli ni Chama. Winston anajaribu kushikilia kwamba mawe ni magumu na maji yanalowesha hata kama hakuna anayekubali. Hana njia ya kulithibitisha akiwa peke yake. Hannah Arendt aliandika kwamba mtu anayefaa kabisa kutawaliwa na dola ya namna hiyo si mfuasi motomoto bali yule ambaye tofauti kati ya kweli na uongo imekwisha kumpotea. Weka fishi hiyo karibu na ile ya chokoleti: mgawo unashushwa kutoka gramu 30 hadi 20, na siku iliyofuata watu wanaandamana kushukuru kwa kupandishiwa hadi 20. Winston anajiuliza kama ni yeye peke yake aliyebaki na kumbukumbu. Gramu kumi za chokoleti zinafundisha zaidi kuliko chumba 101, kile cha mateso ya mwisho.

Foucault si chumvi

Kuna mtindo wa kumnyunyiza Michel Foucault, mwanafalsafa Mfaransa, kwenye kila sura. Gereza la Bentham, lile la mwisho wa karne ya 18, lilikuwa na mnara katikati na vyumba kandokando. Mfungwa haoni kama mlinzi yupo, basi anajilinda mwenyewe. Foucault alilichukua mwaka 1975 kueleza shule, kambi, hospitali na kiwanda. Linafaa kwa telekrani ya Orwell, ambayo hujui saa gani inakutazama. Kwa Zamyatin linalegea: kuta za kioo hazina mnara, kila mtu anaona kila mtu, na watu wanalipenda jambo hilo. Kwa Huxley karibu halina kazi, kwa sababu mtu aliyetengenezwa vizuri hahitaji kutazamwa.

Kwa La Servante écarlate ya Margaret Atwood (1985), badala ya mnara tafuta jozi. Watumishi wenye nguo nyekundu huenda sokoni wawili wawili, kila mmoja ni mpelelezi wa mwenzake, na hawajui nani mwaminifu kwa nani. Mbinu hiyo ni ya bei nafuu: serikali hailipi walinzi. Hapo mwandishi wa kumtumia ni Étienne de La Boétie, wa karne ya 16, mwenye insha fupi juu ya utumwa wa kujitakia. Anasema mtawala mmoja hushikiliwa na watu watano au sita, hao sita wana mia sita chini yao, na hao mia sita wana elfu sita, kila mmoja akipata kipande chake. Panga Mashangazi wa Gileadi (dola ya kitabu hicho), Wake, Mamartha na Watumishi kwenye ngazi hiyo uone nani anapata nini. Shangazi anapata fimbo, na ruhusa ya kusoma na kuandika ambayo wanawake wengine hawana.

Katika Atwood kuna ukurasa ambao wavulana huuruka na wasichana huuona mara moja. Siku wanawake walipofukuzwa kazini na akaunti zao kufungwa, mume wa msimulizi anamfariji kwamba atamtunza. Msimulizi anashtuka ndani kwa ndani: hali hiyo haimsumbui mume sana kama inavyomsumbua yeye. Udhibiti umeingia nyumbani kwa mlango wa upole. Atwood amesema hadharani kwamba hakuweka katika kitabu jambo ambalo wanadamu hawajawahi kulifanya mahali fulani. Kwa hiyo unaruhusiwa kutafuta historia nyuma ya kila kanuni, na ni kazi nzuri kwa sura nzima. Onyo: mfululizo wa televisheni ulioanza 2017 unaendelea mbali kuliko kitabu. Kitabu kinaishia mlangoni mwa gari bila kusema linakwenda wapi, kisha kinaruka hadi kongamano la mwaka 2195 ambapo maprofesa wanatania juu ya simulizi la mwanamke huyo. Ukimtaja mhusika aliyepo kwenye televisheni tu, juri itajua ulichosoma.

Kulinganisha na kwetu

Msilazimishe. Sentensi ya kwamba hali hii inafanana na Afrika ya leo haina thamani yoyote. Linganisha mtambo na mtambo, mwaka na mwaka.

Katanga ina nyenzo za kutosha. Serikali ya Kikoloni ya Kibelgiji ilianzisha kadi ya sifa ya uraia mwaka 1948 na usajili maalumu wa waliostaarabika mwaka 1952. Waombaji walichunguzwa mwenendo, elimu, na hata namna wanavyoishi majumbani mwao. Wanaoanza hukimbilia kusema ni 1984. Hapana: hapa mtu anajibana mwenyewe kwa tamaa ya kupanda daraja, na daraja hilo lina watu wachache sana. Huxley hana mtambo huo, kwa kuwa kwake hakuna anayepanda. Orwell anao kidogo tu, ule mtihani wa kijana wa miaka 16 wa kuingia Chamani. Kwa hiyo koloni lilikuwa na mbinu ambayo riwaya mashuhuri hazikuichora vizuri, na hilo ni jambo jipya la kusema kuliko kufananisha kwa nguvu.

Vilevile miaka ya Zaïre: jina la nchi mwaka 1971, majina ya Kikristo kuondolewa mwaka 1972, abakosti (suti isiyo na tai), kuitana mwananchi, na chama ambacho kila mzaliwa alihesabiwa mwanachama wake. Inakaribia lugha ya Orwell, lakini andika tofauti. Lugha ya Orwell inapunguza maneno ili mawazo fulani yakose pa kukaa. Authenticité, siasa hiyo ya Mobutu, ilibadilisha majina kwa hoja ya kurudisha kilichoporwa, na majumbani watu waliendelea kubeba majina mawili. Ni udhibiti, ila wa aina nyingine, na wenye hoja ambayo hata wapinzani wake waliiheshimu kwa sehemu.

Kama unataka kitabu cha karibu badala ya historia, kuna La Vie et demie ya Sony Labou Tansi (1979). Kiongozi wa Riziki anamkata mpinzani vipande, anailazimisha familia imle, na bado maiti inakataa kufa. Swali la mtambo linageuka: kwa nini mashine hii, yenye nguvu zote, inashindwa? Kwa Kiswahili kuna Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), nchi ya angani ambapo Karama anashitakiwa kwa kufundisha watu sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa kuleta mema kutoka nchi nyingine, wakaishia kuadhibiwa. Si distopia kwa maana kamili, na usiiite hivyo bila kueleza. Ila fungu la ulimi linajaa haraka: nani anaruhusiwa kusema, na kesi inageukaje kuwa darasa.

Mpango na meza ya utetezi

Vitabu viwili vinatosha kwa TFC, na vitatu vikiwa na Omelas. Vitano ni ajali. Nadharia isizidi robo ya kurasa. Nadharia bila dondoo za kitabu ni bukari bila mboga, inashibisha wala haina ladha. Kila aya ya uchambuzi ianze na fishi, mwanafalsafa aje baada ya dondoo. Mkianza na mwanafalsafa mtajikuta mnatafuta dondoo za kumfurahisha.

Muhtasari wa kitabu: ukurasa mmoja na nusu, si zaidi. Mihtasari ya kwenye simu msiitegemee. Inajulikana kwa alama zake: inasema Big Brother, kiongozi wa Chama, anamtesa Winston, wakati Big Brother haonekani ana kwa ana hata mara moja na kitabu hakithibitishi kama yupo, inasema serikali ya Fahrenheit 451 ndiyo iliyoanza kuchoma vitabu, wakati Beatty anaeleza kwamba watu wenyewe waliacha kusoma kwanza, kila kundi likalalamikia ukurasa unaolikera, na wazimamoto wakaja baadaye. Kwa kosa hilo la pili mtapoteza mada nzima ya udhibiti unaotoka chini, ile ambayo Tocqueville aliiona mwaka 1840 alipowaza juu ya utawala mpole unaowaacha watu wakiwa watoto daima.

Fungu la mlango ndilo juri hupenda kuliulizia, maana wengi wanalisahau. Jibu liwe tayari kwa kila kitabu. Wakaidi wa Huxley wanapelekwa visiwani, na Mond anasema karibu kwa wivu kwamba huko watakutana na watu wa kuvutia kuliko wote. Winston anarudishwa mjini, anaachwa huru kahawani. Montag anavuka mto na kukuta watu walioshika vitabu kichwani. Wanafunzi wa Hailsham, katika Auprès de moi toujours, riwaya ya Kazuo Ishiguro ya mwaka 2005, wanaendesha magari barabarani bila mlinzi, wanajua viungo vyao vitachukuliwa mpaka wafe, na hakuna anayekimbia. Wanachoomba ni kuahirishiwa miaka michache. Atakayewauliza kwa nini hawakimbii, msijibu kwamba wanaogopa. Hakuna ukurasa unaosema hivyo. Fungueni mahali ambapo mwalimu anawaambia kwamba wameambiwa na hawakuambiwa, muweke alama ya karatasi hapo kabla ya kuingia ukumbini, na mwanze jibu lenu kwenye mstari huo.